Pawasaplai ya Swichi: Utendaji Wake na Jinsi Inavyojilinda

Utangulizi

Mwalimu anapochomeka adapta ya king'amuzi cha televisheni kwenye soketi, hutokea mara nyingine kwamba king'amuzi hakiwaki. Taa yake ndogo hupepesa tu, na ndani ya adapta husikika mlio hafifu: tik, tik, tik, mara kadhaa kwa sekunde. Watu wengi huamua papo hapo kwamba adapta imekufa, wakaitupa. Wengine huifungua kwa bisibisi ili waone kilichoharibika. Uamuzi wa kwanza mara nyingi ni wa hasara. Wa pili waweza kuwa wa hatari ya maisha. Mlio ule si dalili ya kifo. Ni dalili ya kifaa kilicho hai, ambacho hujaribu kuwaka, hutambua hatari, husita, kisha hujaribu tena.

Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho, ambacho mafundi hukiita pawasaplai ya swichi, kinavyofanya kazi na kinavyojilinda. Pawasaplai za aina hii zimo katika chaja za simu, kompyuta, televisheni na mashine nyingi za hospitali. Hoja kuu ya makala ni moja: kila hatari katika saketi ina kasi yake, na mlinzi afaaye ni yule aliye mwepesi kuliko hatari anayoikabili. Mwanafunzi anayezifahamu maana za volteji, mkondo, ukinzani na nishati ana ujuzi wa kutosha kuifuata hoja hiyo hadi mwisho.

Kwa nini swichi?

Vifaa vya elektroniki huhitaji mkondo mnyoofu, yaani ule usiobadili mwelekeo, wenye volteji ndogo kama volti 5 au 12. Lakini gridi ya Tanzania hutoa mkondo geu wa volti 230, unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Lazima basi pawepo chombo cha kuugeuza umeme wa gridi kuwa umeme unaohitajika.

Njia ya zamani ilitumia transfoma nzito ya chuma kupunguza volteji, dayodi kuunyoosha mkondo, kapasita kuulainisha, na mwishowe transista iliyofanya kazi kama rezista inayojirekebisha yenyewe. Umeme uliopatikana ulikuwa safi, lakini kwa gharama kubwa. Uchukuliwe mfano wa pawasaplai ya namna hiyo inayotoa volti 5 na ampea 10, huku transista yake ikipokea volti 9. Kazi yenye manufaa ni 5 × 10, yaani wati 50. Volti 4 zilizobaki huangukia kwenye transista, nayo hugeuza 4 × 10, yaani wati 40, kuwa joto tupu. Ufanisi wa hatua hiyo ni 50 ÷ 90, yaani asilimia 56 hivi. Karibu nusu ya umeme ulionunuliwa hupasha hewa ya chumba.

Swichi haina hasara hiyo. Swichi inapounga, mkondo hupita lakini volteji juu yake ni karibu na sifuri. Inapokata, volteji yote iko juu yake lakini hakuna mkondo. Kwa kuwa nguvu ya umeme ni volteji mara mkondo, katika hali zote mbili joto linalozalishwa ni dogo. Joto jingi hutokea tu katika kile kipindi kifupi cha kuhama kutoka hali moja hadi nyingine. Kwa hiyo transista ikifanywa iunge na kukata kwa haraka, badala ya kukaa katikati ikizuia, ufanisi wa pawasaplai nzima waweza kufika asilimia 80 hadi 90.

Faida ya pili ni ukubwa wa transfoma. Kwa mujibu wa kanuni ya Faraday, volteji katika koili hutegemea idadi ya mizunguko ya waya, eneo la kiini, na kasi ya kubadilika kwa uga sumaku. Kasi hiyo ikiongezwa, kiini na waya huweza kupunguzwa. Transfoma ya gridi hufanya kazi kwa hezi 50; ile ya pawasaplai ya swichi hufanya kazi kwa makumi ya maelfu ya hezi. Haimaanishi kwamba kiini hupungua mara elfu, kwa sababu feraiti inayotumika hapo hushiba sumaku mapema kuliko chuma. Hata hivyo, transfoma iliyokuwa na uzito wa tofali hupungua ikawa ya kukaa kiganjani.

Kanuni hii ilijulikana tangu zamani, lakini ilingoja transista zenye kasi na zinazostahimili volteji kubwa. Mwaka 1976 kampuni ya Silicon General ya Marekani ilitoa chipu ya SG1524, iliyobuniwa na Robert Mammano, ambayo ilikusanya mahali pamoja kazi zote za kuiendesha swichi. Mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ilitoka ikiwa na pawasaplai ya swichi iliyobuniwa na Rod Holt. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Unitrode ikatoa chipu ya UC3842, ambayo imetumika mno duniani na ambayo mafundi wa Afrika Mashariki huijua vizuri. Ndiyo itakayotumika kama mfano hapa.

Safari ya nishati: kisima, ndoo na mtungi

Umeme wa gridi ukiingia, kwanza hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye dayodi nne zinazounyoosha. Kapasita kubwa hujazwa hadi kilele cha wimbi. Kilele hicho ni 230 × 1.414, yaani volti 325 hivi. Mwanafunzi aitie akilini namba hiyo: ndani ya adapta ndogo ya plastiki mna kapasita yenye volti zaidi ya mia tatu za mkondo mnyoofu.

Kutoka kwenye kapasita mkondo huingia katika koili ya kwanza ya transfoma, hupita katika transista iliyo swichi, halafu hurudi. Koili ya pili, iliyozungushwa juu ya kiini kilekile lakini isiyogusana na ile ya kwanza, huelekea kwenye dayodi na kapasita ya upande wa kutolea umeme.

Utendaji wa sehemu hizi waweza kufananishwa na mtu achotaye maji kisimani na kuyamimina mtungini. Swichi inapounga, ndoo iko kisimani: mkondo wa koili ya kwanza hupanda polepole, na nishati hukusanyika katika uga sumaku wa kiini. Wakati huo dayodi ya upande wa pili imeelekezwa hivi kwamba haipitishi kitu. Swichi inapokata, ndoo imetolewa kisimani: uga sumaku huanza kunywea, volteji katika koili hugeuka mwelekeo, dayodi ya upande wa pili hufunguka, na nishati yote humiminika katika kapasita ya kutolea. Kamwe ndoo haigusi kisima na mtungi kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo nishati huvuka kutoka upande wa gridi hadi upande wa mtumiaji bila kuwepo waya unaoziunganisha pande hizo mbili. Utengano huo ndio unaomwezesha mtoto kuigusa ncha ya chaja bila kudhurika.

Kipimo cha ndoo

Ichukuliwe adapta ya volti 12 na ampea 2, yaani wati 24. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 80, yapasa ichote wati 30 kutoka kwenye kapasita kubwa. Swichi ikiunga na kukata mara 50,000 kwa sekunde, kila ndoo yapasa ibebe:

30 ÷ 50,000 = jouli 0.0006, yaani maikrojouli 600.

Nishati iliyomo katika koili ni ½LI², ambapo L ni induktansi ya koili na I ni mkondo. Koili ya kwanza ikiwa na L ya maikrohenri 600, mkondo unaotakiwa mwishoni mwa kila mchoto ni ampea 1.41.

Je, swichi iunge kwa muda gani ili mkondo ufike hapo? Mkondo katika koili hupanda kwa kasi ya V ÷ L. Kapasita kubwa ikiwa na volti 300, kasi hiyo ni 300 ÷ 0.0006, yaani ampea 500,000 kwa sekunde, au nusu ampea kwa kila maikrosekunde. Ili kufika ampea 1.41, swichi yapasa iunge kwa maikrosekunde 2.8 tu, katika kipindi kizima cha maikrosekunde 20.

Sasa ichukuliwe kwamba umeme wa gridi umefifia, na kapasita kubwa ina volti 120 tu. Mkondo utapanda polepole zaidi, na swichi italazimika kuunga kwa maikrosekunde 7.1 ili kuijaza ndoo ileile. Hapo ndipo ilipo siri ya maandishi yanayoonekana kwenye adapta nyingi, kwamba zinakubali volti 100 hadi 240. Umeme ukiwa mwingi swichi huunga kwa muda mfupi. Ukiwa haba huunga kwa muda mrefu. Ndoo haibadiliki.

Lakini tabia hii njema ina upande wa pili. Balbu ya nyuzi, umeme ukififia, hupunguza mwanga na kutumia mkondo mdogo. Pawasaplai ya swichi hufanya kinyume. Kwa volti 300 ilichota wastani wa ampea 0.1, kwa volti 120 huchota ampea 0.25 ili kupata wati 30 zilezile. Volteji ikizidi kushuka, mkondo huzidi kupanda, na joto katika transista na dayodi huongezeka. Kwa hiyo umeme hafifu ni adui wa pawasaplai sawa na umeme mwingi kupita kiasi.

Mrejesho

Swichi hujuaje kama mtungi umejaa au umepungua? Upande wa kutolea umeme mna saketi ndogo inayolinganisha sehemu ya volti 12 na volteji ya rejea ya volti 2.5. Volteji ya kutolea ikizidi, saketi hiyo huwasha dayodi ndogo ya nuru. Nuru yake huvuka uwazi mdogo na kuangukia transista inayohisi nuru, iliyo upande wa gridi, nayo huiarifu chipu ipunguze kipimo cha ndoo. Habari huvuka kama nuru, na nishati huvuka kama uga sumaku. Hakuna waya unaovuka, na utengano wa pande mbili unadumu.

Mzunguko huu wa kupima na kusahihisha hurudiwa daima. Mtumiaji akiongeza mzigo, volteji hutaka kushuka, nuru hufifia, na ndoo huongezwa. Akipunguza mzigo, nuru huongezeka na ndoo hupunguzwa.

Walinzi na kasi zao

Saketi inayofanya kazi kwa maikrosekunde huharibika kwa maikrosekunde. Jambo hili halieleweki vizuri kwa watu wengi, ambao hudhani kwamba fyuzi ndiyo inayoilinda pawasaplai. Na zichunguzwe hatari moja moja pamoja na walinzi wake.

(a) Mkondo wa swichi. Imeonekana kwamba mkondo hupanda nusu ampea kila maikrosekunde. Kiini kikishiba sumaku, induktansi huporomoka na mkondo hupanda kwa kasi zaidi. Fyuzi huhitaji milisekunde, yaani maelfu ya maikrosekunde, ili iyeyuke. Transista itakuwa imeungua kitambo. Mlinzi wake ni rezista ndogo iliyowekwa mfululizo na transista. Chipu ya UC3842 huipima volteji iliyo juu ya rezista hiyo, na ikifika volti 1 hukata swichi papo hapo, ndani ya muda ulio chini ya maikrosekunde moja. Rezista ikiwa ya ohmu 0.5, kikomo ni 1 ÷ 0.5, yaani ampea 2. Mkondo wa kawaida wa ampea 1.41 huzaa volti 0.7 tu, hivyo haugusi kikomo. Ulinzi huu hufanyika upya katika kila mchoto, mara 50,000 kwa sekunde.

(b) Volteji ya kukata. Swichi inapokata, si nishati yote ya koili ya kwanza inayovuka kwenda upande wa pili. Sehemu ndogo hubaki, na kwa kuwa haina njia, huipandisha volteji ya transista ghafla juu ya zile 325. Mlinzi hapa ni dayodi, kapasita na rezista zilizopangwa pamoja ili kuinasa nishati hiyo na kuigeuza kuwa joto kidogo, kabla transista haijapasuka.

(c) Mrejesho kukatika. Dayodi ya nuru ikifa, chipu haitaona nuru yoyote. Kwake hiyo ni habari kwamba mtungi ni mtupu, nayo itachota kwa nguvu zote. Volteji ya kutolea itapanda hadi kuunguza king'amuzi au kompyuta. Kwa hiyo pawasaplai nyingi zina mlinzi wa pili asiyetegemea mrejesho. Katika baadhi yake, dayodi ya zena ya volti 15 hivi hushtua thairista iliyowekwa kati ya nyaya mbili za kutolea umeme. Thairista hupitisha mkondo na kufanya shoti ya makusudi: volteji huanguka karibu na sifuri, na kifaa cha mtumiaji husalimika. Shoti hiyo hukabidhiwa kwa mlinzi mwingine, atakayeelezwa mbele.

(d) Mkupuo wa kuwasha. Kapasita tupu inapounganishwa na gridi hufanana na shoti. Ukinzani wa njia ukiwa ohmu 1 tu, mkondo wa kwanza waweza kufika ampea 325. Thamista ya ohmu 10, iliyowekwa njiani, huuzuia usipite ampea 32.5. Thamista hiyo ikishapata joto, ukinzani wake hushuka na haipotezi umeme mwingi. Lakini hapo pana funzo kwa mtumiaji. Umeme ukikatika na kurudi kabla thamista haijapoa, mlinzi hayupo kazini. Ndiyo maana ni busara kuchomoa vifaa umeme unapokatika, na kungoja dakika moja au mbili baada ya kurudi kwake kabla ya kuvichomeka.

(e) Radi na mishtuko ya gridi. Varista iliyowekwa kati ya nyaya mbili za gridi hukaa kimya katika volteji ya kawaida, lakini volteji ikipanda mno hupitisha mkondo mkubwa na kuunyonya mshtuko. Mishtuko mikubwa humla mlinzi huyu kidogo kidogo, mpaka siku moja anashindwa.

(f) Moto. Sasa ndipo zamu ya fyuzi ifikapo. Transista au dayodi ikishakufa kwa kuunga moja kwa moja, umeme wa gridi hutiririka bila kipimo. Fyuzi huyeyuka na kuitenga adapta na gridi. Fyuzi basi haiwekwi ili kuiokoa transista. Huwekwa ili kuiokoa nyumba baada ya transista kufa. Mtu anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi hajatengeneza kitu. Amemwondoa mlinzi wa mwisho kati ya kosa dogo na moto.

Kwikwi

Sasa yaweza kuelezwa sababu ya ule mlio wa tik, tik, tik.

Chipu ya UC3842 nayo huhitaji umeme wake, nayo ina vizingiti viwili. Haianzi kazi mpaka volteji yake ifike 16, na ikishaanza haiachi mpaka volteji ishuke hadi 10. Kama kizingiti kingekuwa kimoja, chipu ingewaka, ikatumia umeme, volteji ikashuka kidogo, ikazimika, ikawaka tena, bila kuwa na utulivu. Nafasi ya volti 6 kati ya vizingiti huipa muda wa kujiimarisha.

Umeme wa kuanzia hutoka kwenye kapasita kubwa kupitia rezista ya ohmu 100,000. Kwa volti 300, rezista hiyo hupitisha milliampea 3, nazo huijaza polepole kapasita ndogo ya maikrofaradi 47. Volteji yake ikifika 16, chipu huamka na swichi huanza kazi. Kazi yenyewe huhitaji milliampea 15 hivi, ambazo rezista haiwezi kuzitoa. Kwa hiyo koili ya tatu ya transfoma huanza kuilisha chipu. Kwa maneno mengine, chipu hula katika chungu ilichokipika yenyewe.

Ikiwa pana shoti upande wa kutolea umeme, volteji ya koili zote huanguka, na koili ya tatu haitoi kitu. Chipu hubaki na akiba ya kapasita yake ndogo tu. Akiba kati ya volti 16 na 10 ni 47 × 6, yaani maikrokulombi 282. Chipu hutumia milliampea 15, rezista hurudisha 3, hivyo akiba hupungua kwa milliampea 12 na kwisha baada ya milisekunde 23 au 24. Volteji hufika 10, chipu hulala. Ikilala hutumia milliampea isiyozidi 1, hivyo kapasita hujazwa kwa milliampea 2 na kufika tena volti 16 baada ya milisekunde 141. Chipu huamka, hukuta shoti ingalipo, hulala tena. Mzunguko wote huchukua milisekunde 165 hivi, yaani mara 6 kwa sekunde. Hiyo ndiyo tik, tik, tik. Mafundi wa nchi nyingi huiita hali ya kwikwi, na kwa kweli yafanana na mtu aliyeshikwa na kwikwi.

Faida yake ni kubwa. Kikomo cha ampea 2 peke yake kingeruhusu hadi ½ × 0.0006 × 2² × 50,000, yaani wati 60, ziendelee kupasha moto dayodi na nyaya zenye shoti. Lakini katika kwikwi pawasaplai hufanya kazi sehemu moja tu kati ya saba za wakati. Wastani wa nguvu hushuka chini ya wati 9, nao waweza kustahimiliwa kwa muda mrefu bila moto. Shoti ikiondolewa, kifaa huwaka chenyewe katika jaribio linalofuata.

Kutokana na hayo ipo njia salama ya kutambua ugonjwa bila kufungua chochote. Adapta inayolia ichomolewe kwenye king'amuzi, lakini ibaki kwenye soketi. Ikinyamaza na taa yake ikatulia, kosa liko katika king'amuzi au katika waya wake. Ikiendelea na kwikwi hali haina mzigo, kosa liko ndani ya adapta: huenda dayodi ya kutolea imeunga moja kwa moja, au kapasita ndogo ya chipu imekauka kwa joto la miaka mingi na haina tena akiba ya kutosha kuifikisha chipu kwenye chakula cha koili ya tatu.

Adapta iliyokufa ndiyo ya kuogopwa

Kapasita kubwa ya maikrofaradi 100, ikiwa na volti 325, huhifadhi ½CV², yaani jouli 5.3. Pawasaplai nzima yenye afya ikichomolewa, swichi yake huendelea kuchota mpaka kapasita hiyo karibu kuisha. Iliyokufa haichoti. Transista au chipu yake ikiwa imekatika, na kama hakuna rezista ya kuipunguza akiba hiyo, kapasita yaweza kushikilia volteji ya hatari muda mrefu baada ya kuchomolewa. Hivyo adapta ambayo watu huiona haina uhai ndiyo yenye hatari kubwa kwa mwenye kuifungua.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wasifungue pawasaplai. Fundi mwenye ujuzi, kabla ya kugusa, huichomoa, hupima volteji ya kapasita, na huitoa akiba yake kwa rezista ya ohmu 10,000 yenye uwezo wa wati 10 na vishikio vilivyohamiwa vizuri. Kipimo cha muda ni RC, yaani sekunde 1. Baada ya sekunde 5 hubaki volti 2 hivi. Hatumii bisibisi, kwa kuwa cheche yake huharibu kapasita na yaweza kumdhuru macho. Aidha, waya wa ardhi wa osiloskopu usifungwe kamwe upande wa gridi wa pawasaplai iliyochomekwa, kwa sababu utafanya shoti kupitia ardhi ya jengo.

Jaribio la darasani

Kanuni ya ndoo yaweza kuonyeshwa bila kugusa umeme wa gridi. Zinahitajika betri ya volti 6, swichi, koili yenye mizunguko mingi ya waya juu ya kiini cha chuma, na taa ndogo ya neoni pamoja na rezista yake. Taa huunganishwa sambamba na koili. Swichi inapounga, taa haiwaki, kwa maana neoni huhitaji volti 70 au zaidi. Swichi inapokata, taa humeta mara moja. Betri ni ya volti 6. Volti zilizowasha taa zimetoka katika uga sumaku ulionywea ghafla. Ncha za waya zisishikwe kwa mikono mitupu wakati wa kukata.

Muhtasari

Pawasaplai ya swichi haizuii umeme, bali huupima kwa wakati. Kujilinda kwake pia ni kwa wakati. Rezista ya kuhisi mkondo hulinda ndani ya maikrosekunde, kwikwi hulinda ndani ya milisekunde, na fyuzi hungoja hadi walinzi wengine wote washindwe. Anayeelewa mpangilio huo hatamwondoa mlinzi yeyote kwa kudhani kwamba mwingine atafanya kazi yake.

Maswali

1. Katika adapta ya mfano, kapasita kubwa ikiwa na volti 150, swichi itaunga kwa muda gani ili mkondo ufike ampea 1.41?

2. Fundi amebadilisha rezista ya ohmu 0.5 kwa rezista ya ohmu 0.25. Kikomo cha mkondo kitakuwa ampea ngapi? Nishati ya juu kabisa ya kila mchoto itaongezeka mara ngapi?

3. Kapasita ndogo ya chipu imekauka kutoka maikrofaradi 47 hadi 22. Shoti ikitokea, kwikwi zitakuwa ngapi kwa sekunde?

4. Eleza kwa nini fyuzi yenye kasi ya milisekunde haiwezi kuilinda transista, na kwa nini hata hivyo haifai kuondolewa.

Majibu: 1. Maikrosekunde 5.7. 2. Ampea 4, nishati itaongezeka mara 4, na kiini chaweza kushiba sumaku. 3. Mara 13 hivi. 4. Tazama sehemu ya (a) na ya (f) chini ya kichwa "Walinzi na kasi zao".